Sanamu za vipilefti: saruji ya kupaka rangi au jiwe letu la Iringa?

Wakuu habari za jioni. Mada imeanzia kijiweni, jamaa mmoja kasema sanamu mjini ni kuchezea hela bora wachimbe visima, mwingine kasema ziwepo ila za saruji maana ni bei rahisi na ujenzi wake unaisha haraka. Mimi nasema ziwepo na ziwe za jiwe.

Kuna moja ya saruji nilikaa nayo karibu nasubiri daladala, rangi mpya kabisa lakini kwenye kiwiko imebambuka nondo inachungulia, kutu imetiririka mpaka chini. Ikifubaa wanapaka tena, kwa hiyo miaka yote inaonekana ya juzi, haizeeki, inachakaa tu.

Sasa panda Gangilonga, lile jiwe kubwa hapa Iringa mjini, jioni uweke kiganja juu yake, jua limeshazama lakini joto la mchana bado limo. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wazee wanasema Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa anakaa pale kutafakari. Mkwawa kafa 1898, fuvu lake likarudi Kalenga kutoka Ujerumani 1954, na wewe leo umekaa palepale alipokaa, aisee muda unausikia mwilini.

Au nendeni Isimila, kama kilomita 20 tu kutoka Iringa mjini njia ya Mbeya. Zile nguzo ndefu za asili hakuna fundi aliyezichonga, maji yamekula udongo laini mpaka zikabaki zimesimama vile, na kwenye korongo hilohilo kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale, ukiinama unaona kabisa kila pigo lilipoangukia mpaka jiwe likashika makali. Halafu mkoa kama huu tunashindwa kuchonga jiwe moja?

La visima sibishi, maji kwanza. Lakini hela ya saruji inatoka, na ya rangi inatoka tena na tena, hiyo ndio naisemea. Najua granaiti ni ngumu, inakula tindo na visahani vya grinda, kazi ya miezi. Ila tuna akina mama wanagonga kokoto juani kutwa nzima, jiwe wanalijua kwa mlio tu, wao na vijana wao wakifundishwa kuchonga hela inabaki hapahapa.

Na isipakwe rangi hata tone! Iachwe iote kuvu, watoto waipande wakitoka shule mpaka pale wanaposhika pang'ae. Wa saruji karibuni, leteni hoja.