Mrejesho: chuchu kutoa uchafu wa kijani

Wapendwa, ni mimi wa hapa Dodoma niliyeuliza kuhusu titi la kushoto kutoa uteute mzito wa kijani wakati nina miaka 51 na sinyonyeshi. Nimeenda, dokta akaminya kidogo akapangusa na kitambaa cheupe cha gozi kuona rangi na kama unatoka tundu moja au mengi, kisha utrasaundi na mamogramu (eksirei ya matiti). Sio kansa jamani!! Ni mirija ya maziwa imetanuka, umri huu wa kukaribia kukoma hedhi inatokea sana. Ingekuwa damu au maji yasiyo na rangi kutoka tundu moja angeshuku kuna kinyama kimeota ndani ya mrija, nacho mara nyingi sio kansa ila lazima kipimwe. Dawa sijapewa, nisikamuekamue tu, nikiona damu au uvimbe nirudi fasta. Na yule dada aliyenishauri kitunguu swaumu, hapana aisee 😂