Chembe za msingi: ni sahihi kuzipanga kwa masi?

Swali
Wakuu, naomba kuelekezwa. Nina chembe saba: elektroni, muoni, tau, protoni, pioni, fotoni (chembe ya mwanga) na kwaki u (kwaki ni chembe zinazounda protoni, na u ni aina mojawapo). Nimezipanga kwa masi: nyepesi nimeziita leptoni, za kati mesoni, nzito barioni. Matokeo yake muoni (MeV 105.7; MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika pia kupima masi ya chembe) imekaa pamoja na pioni (MeV 139.6), tau imeingia kwenye barioni, na fotoni isiyo na masi haina pa kukaa. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Mkuu, kilichokuangusha ni kigezo chenyewe. Muoni ilipogunduliwa mwaka 1936 nayo iliitwa mesoni kwa sababu ya masi tu, hadi ilipobainika kwamba nguvu kali ya nyuklia haiigusi kabisa. Tau ina MeV 1,777, karibu mara mbili ya protoni (MeV 938.3), na bado ni leptoni.

Anza kwa kuuliza: je, chembe hii imeundwa na nyingine? Protoni, ambayo ni barioni, ni uud, yaani kwaki mbili za u na moja ya d. Pioni, ambayo ni mesoni, ni kwaki moja na antikwaki moja (antichembe ya kwaki). Hizo ni hadroni, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, ziondoe kwenye jedwali la chembe za msingi. Zinazobaki zipime kwa spini, yaani kiasi cha mzunguko wa asili wa chembe. Yenye 1/2 ni fermioni, na hizi ndizo zinazojenga maada. Yenye 0 au 1 ni bosoni, kwa hiyo fotoni (spini 1) imepata kwao.

Rudi kwa fermioni: ina chaji ya rangi (chaji ya nguvu kali, si rangi ya macho)? Ikiwa nayo ni kwaki, ikiwa haina ni leptoni. Halafu chaji ya umeme: kwaki u, c na t zina +2/3, d, s na b zina −1/3. Elektroni, muoni na tau zina −1, nyutrino zao tatu (leptoni zisizo na chaji) zina 0. Masi huja mwisho kabisa, kupanga vizazi vitatu: u, c, t hutofautiana kwa masi tu, vivyo hivyo elektroni, muoni na tau.

Jibu la 2
Naongezea hapo kwenye pioni, maana wengi hujikwaa. Spini yake ni 0, kwa hiyo ni bosoni kweli, lakini si ya msingi. Ukiruka swali la kwanza utaiweka jirani na Higgs, bosoni ya msingi yenye spini 0. Protoni vilevile ni fermioni bila kuwa ya msingi.

Hakiki hadroni zako kwa kujumlisha chaji: uud ni 2/3 + 2/3 − 1/3 = 1, udd (nyutroni) ni 0. Ukibakiwa na sehemu, umekosea kwaki. Ila usijaribu hesabu hiyo kwenye masi! Kwaki u ina takriban MeV 2.2 na d MeV 4.7, jumla ya uud ni kama MeV 9, yaani asilimia 1 hivi ya protoni. Sehemu kubwa ya masi iliyobaki ni nishati ya kwaki na gluoni (chembe zinazobeba nguvu kali) zilizofungwa humo ndani.

Muuliza swali
Nimeelewa, asanteni. Antichembe na zile rangi tatu za kwaki nazipa safu zake?

Jibu la 1
Hapana. Positroni, antichembe ya elektroni, ina masi ileile ya elektroni, MeV 0.511, ila chaji ni +1. Iandike kisanduku kimoja na elektroni. Rangi pia ni hali za kwaki ileile. Kwa hiyo fermioni ni aina 12: kwaki 6, leptoni 6. Pembeni weka bosoni za spini 1, yaani fotoni, gluoni, na W na Z zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, kisha Higgs peke yake yenye spini 0 na masi ya GeV 125 hivi (GeV 1 ni MeV 1,000), iliyotangazwa CERN mwaka 2012.

Safu ya nyutrino usiipange kwa masi. Ipe kila moja jina la leptoni yenye chaji inayoambatana nayo: ya elektroni, ya muoni, ya tau.