"Up" ni kihusishi au kielezi?

Swali: Habari zenu walimu. Katika "She looked up the word" na "She looked up the chimney", je, "up" ni aina moja ya neno? Wanafunzi wangu wanaandika kihusishi kote kuwili.

Jibu: Salama mwalimu. Ni aina mbili. Peleka "up" nyuma ya nomino uone. "She looked the word up" inakubalika, basi hapo ni kielezi kilichoshikamana na kitenzi. "Look up" ni kutafuta neno kwenye kamusi. "She looked the chimney up" haisemeki kwa maana ya kutazama juu ndani ya dohani: hapo "up" ni kihusishi kinachotawala "the chimney".

Jibu: Kipimo cha kiwakilishi, yaani kuweka "it" badala ya nomino, ni kikali zaidi. Kwa neno husemwa "looked it up", kwa dohani "looked up it". Wanafunzi hukosea kwa kuwa wamekariri orodha ya vihusishi.

Jibu: Tahadhari, kitenzi kupata maana mpya pekee hakutoshi kusema neno hilo ni kielezi. "Look after the child" ni kutunza, lakini "look the child after" haipo, kwa hiyo "after" hubaki kihusishi.