Kinanda cha Fox Theatre Atlanta: zile ngoma na ndege ni vya kweli au rekodi?

MamaZuwena_ATL:
Wakuu habari za jioni. Juzi shemeji alitupeleka Fox Theatre hapa Atlanta kuangalia filamu na watoto, lile jumba lenye minara kama msikiti na dari yenye nyota. Kabla filamu haijaanza kikapanda kinanda kikubwa toka chini na jamaa mmoja tu amekikalia, anapiga mikono na miguu. Sasa kinanda nakijua, nimekulia kwaya ya kanisani Moshi, ila hiki nilisikia ngoma, matoazi, marimba, njuga, na kuna mahali ndege alilia kabisa mpaka mwanangu akainua kichwa kumtafuta kwenye zile nyota. Jukwaani hakuna bendi! Mume wangu anasema ni rekodi, jamaa anabonyeza tu batani. Mi nabisha, kwa sababu ile ngoma kubwa niliisikia kifuani. Anayejua anisaidie, hizo ngoma ziko wapi na nani anazipiga?

Dogo_Keys:
Mama, mumeo yuko sahihi. Kibodi yangu ya kawaida tu ina mamia ya sauti, ngoma, ndege, mvua, kila kitu. Spika kubwa ndo zimekupiga kifua.

Fundi_Upepo:
Hapana Dogo, hapa umeteleza. Mimi ni fundi umeme, huwa najitolea kwenye jumba jingine la zamani huku Marekani lenye kinanda cha aina hiyohiyo, kila Jumamosi napanda ngazi kuingia kwenye vyumba vya filimbi, yale mabomba yanayotoa sauti ya kinanda, kwa hiyo nasema nilichokigusa kwa mkono. Ngoma ni ngoma, imewambwa kabisa, na ina fimbo zake. Ziko kwenye vyumba vya giza nyuma ya yale mapambo ya ukuta, mbele yake kuna milango minene ya mbao inayofunguka na kufungika kama shata za dirisha, mpigaji anaiendesha kwa pedali, ndo maana sauti inavimba na kupungua.

Anayezipiga ni upepo. Kila fimbo imefungwa kwenye kifuko cha ngozi, ni kama mvukuto wa mhunzi ila saizi ya kiganja. Mpigaji akigusa, umeme unaenda kwenye kisumaku, kisumaku kinafungua kitundu, hewa inatoka, kifuko kinasinyaa ghafla na fimbo inashuka paa! Marimba ndo raha zaidi, kila kibao kina nyundo yake na kifuko chake, ukisimama karibu unaona vinyundo vinakimbia vyenyewe kwenye vumbi na hakuna mtu. Na ile swichi yake imeandikwa MARIMBA hivyohivyo, neno letu la Kibantu, siku ya kwanza kuliona nilisimama pale nikalisoma mara tatu.

MamaZuwena_ATL:
Yaani nimesisimka. Na filimbi zenyewe je? Maana sikuona hata moja.

Fundi_Upepo:
Zimefichwa humohumo. Hicho cha Fox wanakiita Mighty Mo, kilitengenezwa na kampuni ya Möller ya Hagerstown, Maryland, mwaka 1929, kina filimbi 3,622 katika safu 42, yaani makundi 42, kila kundi na aina yake ya sauti. Ndogo kabisa ni kama ncha ya kalamu, kubwa mtu mzima anaingia akasimama ndani. Ukigawanya utaona kila safu inapata kama 86 hivi, na hapo ndipo kuna ujanja wote, kwa sababu kwenye kinanda cha kanisani safu ya kawaida ina filimbi 61 na inakaa kwenye kibodi yake, ila hivi vya majumba ya filamu safu moja inarefushwa halafu inaazimwa kila mahali, juu, chini, kwenye miguu, kibodi yoyote. Aliyeleta mambo haya ni Robert Hope-Jones, Muingereza aliyekuwa injinia wa simu, ndo maana akawaza kwa waya na swichi. Alihamia Marekani 1903, na 1910 akaingia Wurlitzer, kampuni ya kutengeneza vinanda. Filamu zilikuwa bubu wakati ule, mtu mmoja akiweza kuwa okestra nzima mwenye jumba anapumua.

Upepo wenyewe pia sio wa kanisani. Unapimwa kwa inchi za maji ambazo upepo unaweza kuzisukuma kwenye bomba, kanisani mara nyingi ni 3 au 4, huku ni 10 na kupanda. Ndo kile kilichokupiga kifua mama.

Bakari_wa_Kibokoni:
Salaam kutoka Mombasa. Hizo filimbi zalia vipi lakini? Babu yangu alipiga taarab na kinanda cha mkono, kile cha Kihindi, mkono mmoja wavuta upepo mwingine wapiga. Ndani mlikuwa na vilimi vya shaba tu, hamna bomba.

Fundi_Upepo:
Mzee Bakari, kuna za aina mbili. Moja ni kama filimbi yetu ya kawaida, hewa inakata kwenye mdomo wa bomba. Nyingine ina kilimi cha shaba kama cha kinanda cha babu, ila juu yake wameweka bomba, hiyo ni ndugu ya zumari. Joto likipanda zile za kwanza sauti inapanda nalo, za vilimi hazifuati sawasawa, basi kinanda kizima kinagombana, lazima uingie kukitune upya.

Dogo_Keys:
Nimekubali mkuu, sikujua. Ila ndege? Usiniambie kuna ndege.

Fundi_Upepo:
Vifilimbi viwili vimepinduliwa, midomo imezama kwenye kikopo cha maji. Upepo ukipita maji yanatibuka, sauti inatetemeka, ndo ndege huyo. Maji yakikauka anatoa mluzi mkavu tu kama wa refa, kwa hiyo siku ya shoo kazi yangu ya kwanza, kabla hata sijawasha mota ya upepo, ni kupanda na chupa kumwekea ndege maji.