Mnaouza "mfumo wa makundi" wa namba za bahati nasibu hapa Dodoma mnawaibia watu, semeni ukweli

Wakuu habari zenu. Mods naomba huu uzi msiutupe kule jukwaa la michezo, hapa tunaongelea hela za watu.

Huku Nkuhungu kijiwe kizima cha boda kimeingizwa kwenye group la WhatsApp, admin anauza VIP elfu 15 kwa mwezi, anatuma eti uchambuzi wa zile droo za kuchagua namba 6 kati ya 49. Mdogo wangu ana kaunta buku kalichora mistari, 1 mpaka 9 wino mwekundu, 10 mpaka 19 bluu, 20 mpaka 29 kijani, hivyo hivyo mpaka 49, droo ikitoka anajaza hata abiria awe amesimama anamsubiri, pembeni kaandika "bluu imelala, inakuja". Na hesabu ya tajiri hajapeleka!

Inakuja kwa sababu gani? Vile vipira havijui juzi kilitoka kipi. Italia namba 53 kwenye droo ya Venice iligoma karibia miaka miwili, watu wakawa wanaongeza dau tu wakijua lazima itoke, imekuja kutoka Februari 2005 wakati wengine walishafilisika. Bulgaria nako Septemba 2009, tarehe 6 zilitoka 4, 15, 23, 24, 35 na 42, tarehe 10 droo iliyofuata zikarudi zile zile zote sita. Sasa mwenye mfumo angewaambia watu wazikwepe maana zimetoka juzi tu.

Ila kinachoniuma zaidi ni ile ya shufwa 3 witiri 3. Admin anasema mchanganyiko huo unatoka mara nyingi kuliko mwingine wowote, na hapo hadanganyi, kwenye droo tatu karibia moja inakuja hivyo, ndo maana watu wanamwamini. Asichosema ni kwamba tiketi zote zinazowezekana ni 13,983,816 na za 3 kwa 3 peke yake ni 4,655,200. Kundi linatoka sana kwa sababu lina tiketi nyingi, basi! Za shufwa tupu zipo 134,596, kundi dogo linatoka mara chache, lakini ukishika tiketi moja ya huko na mimi nikashika moja ya 3 kwa 3 nafasi zetu ni sawa kabisa, moja kwa 13,983,816. Wewe hununui kundi, unanunua tiketi.

Halafu zile screenshot za "imetiki". Tiketi moja kati ya kama 57 inapata namba 3 hata ukichagua umefumba macho, sasa group limejaa watu, kila mtu mikeka kibao, unakosaje wa kumpiga picha? Waliochaniwa wakiuliza wanaremuviwa, jamaa mmoja hapa kijiweni kauliza tu hela yake kablokiwa usiku huo huo.

Wanaochezesha wana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, we admin unayeuza namba leseni yako iko wapi? Najua humu unapita. Weka tiketi ZOTE ulizowapa watu mwezi uliopita, zilizotiki na zilizochanika, na hela uliyokusanya. Kama huweki rudisha elfu 15 za hao vijana, namba zao za simu unazo.