Kijana wa fomu 4 anasomea kila kitu kwa simu, nimprintie noti ama ni sawa tu?

MamaWawili_Lanet
Habari zenu wadau. Niko Nakuru huku Lanet, kijana wangu yuko fomu 4 shule ya kutwa na siku hizi walimu wanatuma kila kitu kwa grupu ya WhatsApp, noti za bayolojia, za historia, past paper, zote PDF. Anachukua simu yangu nikitoka kazini anasoma mpaka saa tano usiku na bidii yake sina neno nayo, kijana anasoma kweli. Shida ni ukimuuliza anakuambia mum nimeelewa yote, halafu ukimshika na swali la ndani anakumbuka tu vichwa vya topiki. Zile topiki anazosomea kwa kitabu cha shule anakueleza mpaka unaelewa na wewe. Sasa kuprinti hizo PDF zote ni pesa, na vitabu dukani viliwekewa VAT ya asilimia 16 tangu 2013 kwa hivyo navyo si rahisi. Nauliza kwa roho safi, kuna tofauti ya ukweli kati ya karatasi na kioo cha simu ama ni mazoea tu na atazoea?

Msee_wa_Kondele
Mazoea tu hayo mathe. Mimi nimemaliza diploma nikisomea kwa simu ndani ya matatu na nikapita. Hawa vijana wamezaliwa wakapata simu, karatasi ndio ngeni kwao. Mwambie azime data akisoma, hizo meseji zinaingia ingia ndizo zinaua kichwa.

Mwalimu_Lurambi
Ndugu wa Kondele kwa kuzima data nakuunga mkono mia kwa mia, lakini hiyo ya kuzaliwa na simu hapana. Kuna watafiti walikusanya tafiti 54 za kati ya 2000 na 2017, watu zaidi ya 170,000 kwa jumla, wakachapisha matokeo 2018. Waliosoma kwa karatasi walielewa vizuri zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hata zaidi pale msomaji amewekewa muda. Sasa sikia hii: kadiri miaka ilivyosonga tofauti haikupungua, iliongezeka. Kama ingekuwa mazoea si ingekuwa inaisha sasa, maana watu wa 2017 wamezoea vioo kuliko wa 2000.

Lakini mama usitoke hapa ukidhani simu ni mbaya kwa kila kitu. Hiyo tofauti ilionekana kwa maandishi ya kufundisha, yaani zile za maelezo kama bayolojia na historia. Kwa hadithi hawakuona tofauti ya maana. Kwa hivyo kitabu teule cha hadithi hata akikisoma kwa simu sitakosa usingizi, ingawa Anne Mangen wa Norway na wenzake walipima watu 50 wakisoma hadithi ndefu, nusu kwa Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu, nusu kwa kitabu, 2019, na wa Kindle wakafanya vibaya kupanga matukio yalifuatana vipi. Mengine walikuwa sawa. Huyo huyo Mangen mwaka 2013 alikuwa ametoa utafiti wa wanafunzi 72 wa darasa la kumi huko kwao, umri wa kijana wako hivi, na wale wa kompyuta wakashindwa na wale wa karatasi kwa maswali ya ufahamu.

Hiyo ya "mum nimeelewa yote" ndio inaniuma kwa sababu naiona darasani kila wiki. Kuna watafiti wa Israeli, Ackerman na Goldsmith, 2011, waliona msomaji wa kioo anajipa alama za juu kuliko zile anapata na anaacha kusoma mapema akidhani ameiva. Hadanganyi mama, yeye anaamini kweli ameelewa, na ndio maana kumgombeza hakusaidii.

Chukua mfano mmoja tu, mchoro wa nefroni, kile kichujio kidogo ndani ya figo, kwa topiki ya figo. Kwa kitabu mchoro uko pale na maelezo yako kando yake, jicho linaruka hapa na pale bila kazi. Kwa simu ukikuza mchoro uone kile kitanzi cha Henle majina yanatoka nje ya kioo, ukishuka usome maelezo mchoro umepotea juu, ukirudi umesahau ulikuwa unatafuta nini. Halafu kwa karatasi mwanafunzi anakuambia mwalimu ilikuwa chini chini upande wa kushoto, akifumba macho anauona ukurasa. Kwa PDF inayoteremshwa na kidole hakuna kushoto wala chini, kila mstari unapita mahali pamoja pa kioo.

Nyar_Saiba
Naprinti hapa Kisumu karibu na soko la Jubilee na hawa watoto wa fomu 4 ndio wateja wangu wa kila siku. Mama usiprinti yote, mengi ni hasara tupu. Fungua PDF toa kava, toa yaliyomo, toa zile kurasa za matangazo walimu wanaweka mwisho, chapisha topiki zile zinamsumbua tu na upande zote mbili za karatasi. Past paper nazo printi kila wakati kwa sababu mtihani wenyewe ni karatasi na kalamu. Na tafadhali usikubali kurasa nne kwa karatasi moja ati kuokoa, herufi zinatoka kama sisimizi na mtoto hatazisoma. Wale wajanja wanakuja watano, wanaprinti kopi moja, nyingine ni fotokopi ambayo ni rahisi, kila mtu anatoa kidogo.

Mzee_Bungoma
Mimi nimevuka miaka 60 na karatasi imenishinda. Gazeti nalishika mbali mkono unafika mwisho na bado sioni, lakini kwa tableti naongeza herufi zinakuwa kubwa nasoma bila miwani. Na yupo kijana wa jirani haoni kabisa, simu inamsomea kwa sauti, vitabu vya nukta nundu anaambiwa ni vizito na vichache. Kwa hivyo wanangu tukisema karatasi tukumbuke pia kuna wale ambao kioo ndicho kimewafungulia kusoma.

Mwalimu_Lurambi
Mzee shikamoo, hapo umesema kweli tupu na hata sisi walimu hatufikirii hao watoto vya kutosha.

MamaWawili_Lanet
Asanteni sana, mwalimu Mungu akubariki, nimemsomea kijana hiyo ya Israeli akanyamaza. Na hii ya kusoma kwa simu mpaka saa tano je?

Mwalimu_Lurambi
Hiyo mpunguzie. Marekani walichukua watu 12 wakawasomesha kwa tableti yenye mwanga mkali kwa muda wa masaa manne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo, halafu kwa kitabu cha kawaida kwa taa hafifu. Kwa tableti walichelewa kama dakika 10 kupata usingizi, ile homoni ya usingizi ilishuka na asubuhi walikuwa wazito. Simu ni ndogo kuliko tableti lakini anaishika karibu na uso. Saa za jioni apewe simu ya maswali mafupi, usiku amalizie na karatasi. Na kila akimaliza ukurasa ageuze simu kifudifudi aandike kwa daftari kile anakumbuka bila kuchungulia, hapo atajionea mwenyewe kama ameelewa ama amepitia tu.

Msee_wa_Kondele
Sawa mwalimu, hiyo ya miaka kuongeza tofauti sikuwa naijua. Nyar, nikitaka zile za figo kwa broo yangu mdogo nakutumia kwa WhatsApp?

Nyar_Saiba
Tuma kama dokumenti usitume kama picha, picha WhatsApp inazibana na michoro inatoka na ukungu. Uandike pia kurasa ngapi hadi ngapi.