Wembe wa kukunja: nichukue 5/8, 6/8 au 7/8?

Kidevu_Safi
Habari zenu wakuu. Nataka kuachana na mashine na viwembe vya kutupa, ninunue wembe wa kukunja, ule wenyewe wa kunoa. Hela nimeshatenga, kilichobaki ni kuchagua upana. Kuna 5/8, 6/8 na 7/8, mtengenezaji yuleyule, chuma kilekile, na bei hazipishani sana. Moyo wangu uko kwenye 7/8 kwa sababu unaonekana imara mkononi. Mnaotumia mnasemaje? Nataka kuagiza kabla wiki haijaisha.

Mnoaji
Mkuu, swali lako ni nusu. Ndevu zako ngumu au laini? Zimenyooka au zimejikunja? Unanyoa uso wote au unaacha sharubu na kuchonga pembeni tu? Umewahi kushika wembe wa namna hii? Ubavu wake umebonyezwa kiasi gani, yaani bapa limechongwa kuingia ndani likawa jembamba kiasi gani? Mkanda wa ngozi wa kunolea unao? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha.

Kwa wengine wanaopita hapa: hizo namba ni upana wa bapa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, kwa sehemu za nane za inchi. 5/8 ni karibu milimita 16, 6/8 ni 19, na 7/8 ni 22. Urefu wa wembe haumo kwenye hesabu hiyo.

Sharafa
5/8, wala usihangaike. Jaribu kuwaza hapo kati ya pua na mdomo. Wembe mpana mgongo wake unagota puani kabla makali hayajakaa kwenye pembe inayofaa, na mkono unakuzibia kioo. Kuna wanaoshuka mpaka 4/8 kwa ajili ya kuchonga sharubu tu.

KinyoziMkongwe
Mimi ni wa 6/8 na sijaona sababu ya kuhama. 5/8 unajaa povu upesi, kila ukipitisha mara chache unasuuza. 6/8 unabeba povu la shavu zima, na puani bado unapenya.

Ila ndugu zangu msiishie kwenye upana. Wembe uliobonyezwa ubavu kabisa bapa lake ni jembamba mno, unausikia ukilia unapokata ndevu, na ni mwepesi hata ukiwa 7/8. Wa kabari, ambao ubavu haukubonyezwa, unaweza kuwa 5/8 na bado ukawa mzito kuliko huo. Kwa hiyo anayesema "nataka 7/8 kwa sababu ni imara" amepima kitu kingine. Na ncha pia uiangalie: anayeanza achukue ya mviringo. Ncha ya pembe kali ni nzuri kuchongea mstari, lakini mkono mgeni ukiteleza kidogo tu, sikio au tundu la pua linatoa damu.

Kidevu_Safi
Asanteni. Ndevu ni ngumu kidevuni, shingoni zimejikunja na hunitoka vipele kila nikinyoa. Sharubu nanyoa zote. Wembe wa aina hii sijawahi kushika. Muuzaji ameandika umebonyezwa kabisa.

Ngozi_Nyororo
Hapo kwenye vipele ndipo kwenye mazungumzo yenyewe, na umekutaja mwishoni. Unywele uliojikunja ukikatwa chini kabisa ya ngozi, ukiota unapinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Viwembe vya kutupa vyenye nyembe mbili tatu huzidisha hilo, kwa sababu wa kwanza unavuta unywele na unaofuata unaukatia chini. Bapa moja linasaidia, lakini ukilitumia kwa adabu: nyoa kufuata unakoelekea unywele, ngozi ishike tu isiyumbe, usiivute mpaka ikakaza, na usirudi kinyume shingoni hata ukiona pamebaki visiki vya ndevu. Ikiwa sasa hivi shingo imevimba, iache kwanza ipone.

Kwa shingo yenye mabonde, mimi naunga mkono 5/8. Unafuata bonde, haulirukii.

Mnoaji
Ngoja niseme jambo kuhusu kununua nyembe pana, maana limeniuma. Niliagiza 8/8 kwa muuzaji mmoja mtandaoni, maelezo yakasema umenolewa na uko tayari kunyolea. Ulipofika ulikuwa unang'aa kweli. Shavu la kwanza unakata sehemu moja, inayofuata unang'oa. Nikaupeleka kwenye mkanda, hakuna mabadiliko. Nikapaka wino wa kalamu kwenye makali yote, nikaupitisha juu ya jiwe polepole. Upande mmoja wino ulitoka kisiginoni (mwisho wa karibu na mpini) na nchani, katikati ukabaki. Nikaugeuza, ukatoka katikati tu. Maana yake bapa limepinda, na jiwe pana haliwezi kugusa makali yote kwa mara moja. Nikamwandikia muuzaji nikamtumia na picha, akajibu kwamba nyembe za kazi ya mkono huwa hivyo. Si kweli. Ikabidi nitafute jiwe jembamba, niunoe kwa kuuzungusha sehemu kwa sehemu, kazi ya jioni nyingi, na mgongo ukalika upande mmoja.

Kwa hiyo Kidevu_Safi, chochote utakachochagua, muulize muuzaji kama unarudishwa makali yakigoma. Aliyenoa kweli hatasita kukujibu.

Sharafa
Kwani lazima jiwe? Mkanda uliopakwa dawa ya kijani ya kunolea unatosha.

KinyoziMkongwe
Unatosha kurudisha makali yaliyochoka kidogo. Makali yaliyovunjika hayarudi kwa dawa, na ukizidisha dawa yanakuwa mviringo. Wembe unalazwa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa, kwa hiyo pembe ameshaipanga aliyeutengeneza. Jiwe la namba 1000 ni la kuchonga makali ya mwanzo (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na wengi humalizia 12000. Ukiinua mgongo umeharibu kila kitu. Kwenye mkanda unaburuta mgongo ukitangulia, na ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo. Ukigeuza kwa makali unakata ngozi ya mkanda.

Bapa_Moja
Mnamtisha bure. Achukue ule wa kubadilisha kiwembe ajifunzie, akizoea ndiyo anunue huo mwingine.

Sharafa
Akijifunzia huo atachukia kunyoa. Ni mwepesi, kiwembe chake hakisamehe, na pembe zake mbili zinachana.

Bapa_Moja
Lakini hana haja ya mkanda wala jiwe, na pembe ya mkono ataijua. Vinyozi wanautumia kwa sababu ya usalama: kila mteja kiwembe kipya, maana homa ya ini hupita kwenye damu.

KinyoziMkongwe
Kwa wateja sawa kabisa. Huyu ananyoa uso wake mwenyewe. Muhimu ni asiuazime kwa mtu yeyote, na akimaliza aukaushe vizuri kabla ya kuukunja. Chuma cha kaboni kinashika kutu usiku mmoja kwenye bafu lenye mvuke.

Ngozi_Nyororo
Na shabu baada ya maji ya baridi. Inazuia damu kwenye mikwaruzo midogo.

Kidevu_Safi
Nimewasoma wote. 7/8 nimeuweka kando. Sasa nimebaki kati ya 5/8 kwa ajili ya shingo na 6/8 kwa ajili ya kidevu. Muuzaji amesema 6/8 upo pia uliobonyezwa nusu, mzito kidogo. Huo vipi kwa ndevu ngumu?

KinyoziMkongwe
Chukua huo. Uzito unakusaidia, hutasukuma.

Sharafa
5/8. Pua yako haijabadilika tangu asubuhi.

Mnoaji
Kidevu_Safi, swali la mkanda bado hujalijibu. Unao au huna? Kama huna, sehemu ya hela hiyo iende huko kabla hujabonyeza kuagiza.